GARI LA KITAJIRI LIKIZEEKA: KUIKARABATI RANGE ROVER KWA MKONO WAKO

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakutuambia lolote kuhusu vile vilivyoacha kuelea. Pita katika mitaa yetu, uchungulie nyuma ya ua hili na lile, hutakosa kuona gari kubwa ambalo zamani lilikuwa fahari ya mwenyewe. Sasa limelala. Limeinama upande mmoja kama mzee mwenye jongo, nyasi zimeota hadi mlangoni, na kuku wamelifanya kiota. Ukiuliza utajibiwa, "Hilo lilikufa. Magari ya kitajiri hayatengenezeki bwana."

Je, ni kweli hayatengenezeki? Hilo ndilo swali la makala haya. Nimechagua gari moja tu, Range Rover ya kizazi cha pili, kwa sababu mbili. Kwanza, mjomba wangu ni fundi wa magari, na kila Jumamosi mimi ndiye mshika tochi na mpokezi wa spana. Pili, gari hili linaogopwa na mafundi wengi, hivyo anayelielewa hatababaika mbele ya mengine. Jibu langu nalitoa mapema: linatengenezeka, na kazi nyingi unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani, mradi utafute chanzo cha kasoro kabla ya kukimbilia dukani kununua spea.

ASILI YAKE

Range Rover ya kwanza ilizinduliwa nchini Uingereza mwezi wa Juni mwaka wa 1970. Mhandisi aliyeongoza kazi ya kuibuni aliitwa Charles Spencer King, ambaye wengi walimfahamu kama Spen King. Utashangaa kusikia kwamba mwanzoni halikuwa gari la kifahari. Viti vyake vilifunikwa kwa plastiki, na ndani ungeweza kuliosha kwa mpira wa maji baada ya kazi za shamba. Lilikusudiwa mtu anayetaka gari moja la kupita matopeni na hilo hilo la kwendea mjini kwa starehe. Wala halikuwa goigoi. Mwaka wa 1979 lilishinda upande wa magari katika mashindano ya kwanza kabisa ya Paris-Dakar, yaliyovuka jangwa la Sahara, na mwaka wa 1981 likashinda tena.

Anasa ilikuja polepole. Milango minne ilikuja mwaka wa 1981, gia za otomatiki mwaka wa 1982, kisha ngozi na mbao zikafuata. Mwaka wa 1992 ukaletwa mfumo wa kulibeba gari kwa hewa badala ya springi za chuma. Kizazi cha pili, ambacho wapenzi wake hukiita P38, kilitoka mwaka wa 1994 na kikatengenezwa hadi mwanzoni mwa karne hii. Kina injini ya V8 ya petroli ya lita 4.0 au 4.6, au ya dizeli ya lita 2.5 yenye silinda 6 kutoka BMW. Hiyo V8 asili yake ni Marekani, katika injini ya Buick ambayo kampuni ya Rover ilinunua haki zake katikati ya miaka ya 1960. Hunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani, lakini hayo ni ya mwenye gari na mfuko wake.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo P38 unayoiona barabarani leo imekaa hapa miaka mingi, na imepita katika mikono ya mafundi wengi. Kila fundi ameacha alama yake: hapa waya umefungwa kwa karatasi ya nailoni, pale mpira umebanwa kwa kamba. Ndiyo sababu kazi yako ya kwanza ni ya upelelezi.

KANUNI TATU KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kwanza, usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Gari hili lina uzito wa zaidi ya tani 2. Tena limebebwa na hewa, na hewa haiagi inapoondoka. Weka stendi za chuma chini ya chasisi, weka kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, na kama ni udongo laini tandika ubao mnene chini ya stendi ili zisizame. Usitumie mawe wala matofali. Jiwe hupasuka bila kukupa ilani. Mjomba ana mkono mkali kuhusu jambo hili. Ukisahau stendi, unafukuzwa gereji siku nzima, hata kama wewe ni mtoto wa dada yake.

Pili, usifungue kifuniko cha maji injini ikiwa moto. Tulisoma katika fizikia kwamba presha ikiongezeka, maji huchemka kwenye joto la juu zaidi. Maji yaliyomo mle yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamefungiwa. Ukifungua, presha hushuka ghafla, maji yote huchemka kwa mpigo na kukurukia usoni.

Tatu, andika. Uwe na daftari, na kabla ya kufungua chochote chora au piga picha kwa simu. Parafujo zitie kwenye vikopo na uandike kila kikopo ni cha wapi. Biro nayo ni spana.

MIFUKO YA HEWA

Sasa tuingie kwenye kitu kinachowaogopesha watu zaidi. Katika P38 hakuna springi za chuma. Kila gurudumu lina mfuko wa mpira uliojaa hewa. Chini ya boneti kuna kisanduku chenye kompresa ndogo ya umeme na vali. Kompresa husukuma hewa hadi kwenye tangi, ambamo presha hufikia takriban mara 10 ya presha ya kawaida. Karibu na kila gurudumu kuna kihisio kinachopima kimo cha gari, na kompyuta iliyo chini ya kiti cha mbele huamua vali ipi ifunguke. Basi dereva akibonyeza swichi, gari huinuka takriban sentimita 4 kupita kwenye mashimo, au huteremka takriban sentimita 6 na nusu ili nyanya apande bila kuinua mguu juu mno.

Hapa ndipo kanuni ya Boyle inapotoka kwenye ubao wa darasa. Gari likipita kwenye shimo, hewa iliyo ndani ya mfuko hubanwa na presha yake hupanda, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kusukuma. Kwa sababu hiyo gari huwa laini katika shimo dogo na gumu katika shimo kubwa.

Kasoro huanza hivi. Mpira huzeeka. Mfuko hupasuka nyufa ndogo pale unapojikunja, na ringi za mpira zilizo ndani ya kisanduku cha vali hukauka na kuwa ngumu kama ganda la muhogo. Hewa huvuja kidogo kidogo. Kompresa, ambayo iliundwa ifanye kazi dakika chache na kupumzika, sasa inafanya kazi bila kukoma. Inapata joto, ringi ya pistoni yake inalika, na mwishowe inazimika. Kompyuta nayo inakata tamaa, inateremsha gari hadi chini na kuandika kwenye dashibodi kuwa kuna kasoro. Dereva anaona kompresa imekufa, ananunua nyingine. Kumbe kompresa ni maiti tu, muuaji yungali ndani.

Mfano halisi ni huu. Mteja mmoja wa mjomba, mwalimu mstaafu, aliuziwa kompresa mbili katika mwaka mmoja na gereji moja ya mjini. Pesa zenyewe zilikuwa za kiinua mgongo chake. Alipomletea mjomba gari, alikuwa tayari ameitisha watu wa vyuma chakavu walipime. Uvujaji wenyewe ulikuwa kwenye ringi za mpira zilizokauka kwa umri, ambazo seti yake nzima ilimgharimu kiasi kidogo mno kuliko kompresa moja. Mwalimu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Vijana, mngekuwa wanafunzi wangu ningewapa mia kwa mia." Lakini uso wake haukuwa wa kucheka.

Unawezaje kumtafuta muuaji huyo nyumbani? Vifaa ni utepe wa kupimia, ndoo, sabuni ya maji na brashi ya rangi iliyokwisha kazi. Jioni, egesha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika namba zote nne. Asubuhi pima tena. Lakini jihadhari na ujanja mmoja: gari likiwa limezimwa, kompyuta huamka yenyewe usiku na kuzishusha pembe zilizo juu zilingane na iliyoshuka. Asubuhi unakuta zote nne ziko chini, hujui mwizi ni yupi. Dawa yake ni kuchomoa kisanduku kidogo cha saa kilicho karibu na kompyuta hiyo chini ya kiti, kwa usiku huo mmoja tu. Hapo pembe inayovuja itashuka peke yake.

Ukishaijua pembe, paka povu la sabuni kwenye mfuko wake, hasa kwenye mkunjo wa chini. Mapovu yakifura, mfuko umetoboka. Yasipofura, paka mahali mabomba yanapoingilia kwenye kisanduku cha vali. Mapovu yakifura hapo, basi tatizo ni ringi. Hapo ndipo unaponunua spea.

Kubadilisha mfuko si kazi ya miujiza. Inua gari, liweke kwenye stendi chini ya chasisi, vaa miwani ya kukinga macho, kisha ulegeze bomba polepole hadi hewa yote itoke. Ondoa vibanio vya juu na pini za chini, toa mfuko wa zamani, tia mpya. Ncha ya bomba ikatwe wima kwa wembe mkali, siyo kwa plaisi, kwa maana plaisi hulibonyeza na litavuja tena. Na hili ulikumbuke: mfuko mpya lazima utiwe hewa kabla ya kubebeshwa uzito wa gari. Ukiuteremshia gari ukiwa mtupu, utajikunja vibaya na kuraruka siku hiyo hiyo.

Ringi nazo hubadilishwa mezani. Toa kisanduku, safisha meza, tandika kitambaa cheupe, na ufanye vali moja baada ya nyingine bila kuzichanganya. Kila ringi mpya ipakwe grisi kidogo ya silikoni. Mwisho, kompyuta huwa haisahau kosa upesi, hivyo itahitaji kufutiwa kumbukumbu kwa kifaa maalum au kwa kompyuta ndogo yenye programu na waya unaofaa. Kama huna, hapa ndipo pa kumlipa mwenye nacho.

MAJI YA INJINI

Mfumo wa hewa ukiharibika utachelewa safari. Mfumo wa maji ukiharibika utapoteza injini. V8 hii imeundwa kwa alumini, na ndani yake mna mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Alumini na chuma havitanuki sawa vinapopata joto. Injini ikichemka sana, gasketi ya hedi huungua, na wakati mwingine hata mikebe yenyewe hulegea. Hiyo ndiyo bili inayolifanya gari liwe kiota cha kuku.

Nimesikia mazoea mawili hapa kwetu ambayo yanaua injini hizi. La kwanza ni kutia maji ya bomba matupu. Wanakemia wenzangu watakumbuka kuwa metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na metali moja huliwa. Alumini ndiyo inayoliwa. Tia dawa ya kupozea injini nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri. Dawa hiyo si ya kuzuia barafu ya Ulaya pekee. Huzuia pia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Zoea la pili ni kung'oa themostati, eti Afrika ni joto na injini haihitaji kitu hicho. Lo! Themostati haihusiani na hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiing'oa, injini hukimbia baridi, kompyuta huongeza petroli ikidhani gari limewashwa sasa hivi, na vyuma husagika mapema. Kama injini inachemka ikiwa na themostati nzima, basi kuna sababu nyingine, nawe umeificha tu.

Sababu hizo unaweza kuzikagua mwenyewe. Angalia kama redieta imezibwa na matope na mbegu za nyasi, uioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Kagua mipira yote ya maji na vibanio vyake. Kagua kifuniko cha tangi la maji, maana kikishindwa kushika presha, maji yatachemka mapema. Injini ikiwa baridi na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inafaa iwe na ukinzani kidogo. Ikizunguka ovyo kama tiara, kikombe chake cha mafuta kimekwisha. Na ukiona mapovu yasiyokoma kwenye tangi la maji, moshi mweupe, au mipira kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ikiwa baridi, zima na umwite fundi. Hizo ni dalili za gasketi ya hedi.

ZULIA LENYE MAJI

Unaingia garini, unakanyaga zulia, na soksi inalowa. Wengi huanika zulia na kusahau. Hilo ni kosa, kwa kuwa ubongo wa umeme wa gari hili, kile kisanduku kinachoamuru taa, milango, vioo na honi, uko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Kwetu sisi hicho ni kiti cha dereva. Maji yakiufikia, gari litaanza vituko vya pepo: kioo kinashuka chenyewe, taa zinawaka mchana, mlango unajifunga.

Chovya kidole kwenye maji hayo na uyanuse, ila usionje, kwani dawa ya injini ni sumu. Yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu tamu, na kioo cha mbele kina ukungu wa mafuta kwa ndani, basi yanatoka kwenye kipasha joto. Pale mabomba yanapoungana nacho, nyuma ya dashibodi, mna ringi mbili za mpira zilizochoka. Ni ringi tena! Injini ikiwa baridi, punguza maji, ondoa pambo la kando, legeza bolti, safisha na utie ringi mpya. Nafasi ni finyu na mkono utachubuka, lakini kazi ni ya adhuhuri moja.

Yakiwa ni maji matupu na huonekana baada ya mvua, chunguza vichujio vya hewa ya ndani vilivyo chini ya kioo cha mbele. Visanduku vyake huvuja visipofungwa barabara, na majani yakiziba njia za maji, mvua yote huingia ndani. Toa majani, kausha, ziba maungio kwa silikoni. Gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana.

BETRI INAYOKUFA USIKU

Hapa somo la umeme linatufaa. Gari likizimwa na kufungwa, hutakiwa kulala baada ya dakika chache na kutumia umeme mdogo sana, chini ya ampea 0.05. Betri ya saa-ampea 100 ingechukua saa 2,000 kuisha kwa mwendo huo, yaani siku 83 hivi. Lakini tuseme kitu fulani kinavuta ampea 2. Saa 50 tu zimetosha, na gari litagoma kuwaka kabla hata ya hapo.

Katika P38 mshukiwa mkuu anajulikana. Karibu na dirisha la nyuma la kushoto kuna kipokezi cha redio kinachosikiliza rimoti ya ufunguo. Kipokezi cha zamani husikia pia mawimbi ya watu wengine, kikadhani kinaitwa, kikauamsha ubongo wa gari usiku kucha. Pima kwa mita ya umeme iliyounganishwa kati ya nguzo ya betri na waya wake, milango ikiwa imefungwa, na usubiri gari lilale. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa pale, utaiunguza. Mita ikionyesha gari linaamka kila mara, chomoa kipokezi hicho na upime tena. Likilala, umempata. Unaweza kununua kipokezi kilichoboreshwa, au ukakiacha kimechomolewa na kufungua mlango kwa ufunguo wa kawaida.

Kabla ya kung'oa betri, hakikisha una namba ya siri ya redio na ya ufunguo. Bila hizo unaweza kusimama nje ya gari lako mwenyewe kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

MABORESHO MADOGO

Sasa tuje kwenye yale yanayowapendeza vijana. La kwanza katika orodha yangu ni kipimo cha joto cha tarakimu. Mshale wa dashibodi hutulia katikati hata joto likiwa limepanda kiasi, na ukianza kupanda, mara nyingi umechelewa. Kipimo kidogo chenye king'ora ni bima ya injini.

La pili ni waya mpya za plagi. Koili za V8 hii ziko nyuma kabisa ya injini, na waya nane hulaliana hapo na kuunguzana. Tia mpya, zitenganishe kwa vishikio, na ubadilishe plagi injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu hedi ni ya alumini na nyuzi zake huchanika kwa urahisi. Anza kukaza kwa vidole kabla ya spana.

La tatu, taa. Kabla ya kununua balbu kali, safisha vioo vya taa vilivyofifia kwa msasa laini na dawa ya kung'arisha. Ukitia balbu za LED nje, gari litalalamika kuwa balbu zimeungua, kwa sababu ubongo wake hupima umeme unaopita katika kila balbu, na LED hutumia kidogo. Ndani ya gari tia tu, utaona raha.

La nne, sehemu ya kuchajia simu. Waya wowote utakaouvuta kutoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, siyo huko mwisho. Waya ukikwaruzika katikati bila fyuzi, ni moto.

Kuna na boresho la tano ambalo huleta ubishi kila linapotajwa gereji, nalo ni kung'oa mifuko ya hewa na kutia springi za chuma. Wanaolitetea husema springi haitoboki, na barabara zetu za mawe ni adui wa mpira. Wanaolipinga husema ni kumkata mguu mgonjwa wa kidonda. Maoni yangu ni haya: kama gari linaishi mbali na miji, ambako programu na spea havipatikani, springi ni busara. Lakini kama sababu yako ni kwamba hukutaka kupima kwa povu la sabuni, utakuwa umeuza ulaini wote wa gari kwa ajili ya ringi ya mpira.

YA KUMWACHIA FUNDI

Ujasiri usio na kipimo ni ujinga. Breki za gari hili hutumia pampu ya umeme na chombo kinachohifadhi mafuta kwa presha kubwa mno, na kukifungua bila kuimaliza presha hiyo ni hatari. Mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani, ule wa ajali, hulipuka kwa kemikali. Gesi ya kipozea hewa huunguza ngozi kwa baridi. Hedi ya injini inahitaji spana ya kupimia mkazo na mtu anayejua mpangilio wa bolti zake. Hayo mwachie aliyesomea. Ila hata hapo, ukienda kwake na daftari lako lenye vipimo, hatakuuzia kompresa usiyoihitaji.

Spea za magari haya bado zipo. Ukifika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi utakutana na maduka ya spea yaliyopangana bega kwa bega. Nenda na kile kitu cha zamani mkononi na namba yake imeandikwa. Usiende na maneno matupu, eti "nataka kile kidude cha pale chini." Utarudi na kidude kingine.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, bila shaka umeona kwamba karibu kila kasoro niliyoitaja ilianza na kitu kidogo kuliko pete ya kidole: ringi ya mpira, kifuniko, waya, jani lililoziba mfereji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Range Rover ukuta huo hujengwa kwa matofali ya bei ya Ulaya.

Kwa wanafunzi wenzangu wanaouliza kila siku kanuni ya Boyle itatusaidia wapi, nadhani nimewajibu. Na kwa wale wanaodhani ufundi ni kazi ya waliofeli, nawauliza: yule aliyemuuzia mwalimu kompresa mbili na yule aliyepaka povu la sabuni, ni yupi kati yao aliyefaulu mtihani? Hakuna aliyewazuia wote wawili kupima. Mmoja alipima, mwingine akakisia, na mzee mmoja nusura apoteze gari lake.

Walimu wetu wapendwa, tunaomba chama cha Kiswahili na kile cha sayansi vishirikiane mwaka ujao kutunga orodha ya majina ya vifaa vya gereji kwa Kiswahili. Nimepata taabu kubwa kuandika makala haya bila kusema "kile kidude."

Wasalaam.